Punda Afe Mzigo Ufike? Kichwa Kikitikisika, Weka Fimbo Chini

 

Siku hizi naulizwa swali moja kwa sura tatu. Sura ya kwanza ni ya walioona video kwenye simu, farasi anainua na kushusha kichwa kama anacheza muziki: "Afisa, yule farasi anatikisa kichwa kwa nini, anafurahi?" Sura ya pili ni ya wenye punda wa kubebea mpunga, mihogo na matofali: "Punda wangu amekuwa mkaidi, kila saa anarusha kichwa." Sura ya tatu inasemwa kwa sauti ya chini: "Huyu mnyama, afisa, mimi naona kuna mtu kamchezea."

Nitajibu yote matatu kwa pamoja, maana jibu lake ni moja. Na msimamo wangu nausema mapema ili asiyekubaliana nami ajue tunabishania nini: mnyama wa kazi akitikisa kichwa anakupa taarifa, na ukimjibu kwa fimbo umeizima taarifa hiyo. Hasara inayofuata ni ya kwako.

Farasi hatuna, ila ndugu yake tunaye

Farasi kwetu ni wa kuonekana kwenye simu. Ukienda Dar es Salaam utawaona wale wa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Polisi, lakini huku kusini farasi hakuwahi kuzoea. Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni mbung'o, ambaye wengine mnamwita ndorobo, anayeeneza nagana. Ya pili ni ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaosambazwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni na usiku. Ugonjwa huo unaua farasi wengi kati ya wanaoupata. Punda akiupata, mara nyingi anapona bila hata mwenyewe kujua kwamba aliugua. Ndo maana mnyama wa mizigo katika nchi yetu amekuwa punda, na wengi wako mikoa ya kati na kaskazini. Kwetu ni wachache bado, na wanaowanunua sasa ni nyie vijana mnaotafuta usafiri wa bei nafuu shambani, sehemu ambazo kirikuu haifiki na bodaboda inakula mafuta yote ya faida.

Punda na farasi ni ukoo mmoja. Meno, kwato, masikio na mishipa ya uso vimejengwa kwa namna moja. Kwa hiyo yale ambayo wataalamu wameyajua juu ya kichwa cha farasi, sehemu kubwa yanamhusu punda wako. Tofauti ni kwamba punda ni mvumilivu kupita kiasi. Farasi akiumia anaonyesha mapema, punda anaficha. Kwa hiyo punda akifika hatua ya kurusha kichwa, jua ameshavumilia kwa siku kadhaa.

Kuna historia moja ya bonde letu la Ruvuma ambayo naipenda kwa sababu inaeleza jambo hili vizuri. Mwaka 1866 David Livingstone alitoka Mikindani akafuata mto Ruvuma kuja huku ziwani. Alikuja na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu wa mizigo na punda. Alitaka kujua ni mnyama gani anaweza kupita kwenye mbung'o akabaki hai. Wanyama wakafa njiani, mmoja baada ya mwingine. Lakini je, aliwaua mbung'o? Livingstone mwenyewe alilalamika kwenye kumbukumbu zake kwamba watu waliokabidhiwa wale wanyama waliwapiga na kuwabebesha kupita kiasi, hivyo ikawa vigumu kujua kilichowaua ni mdudu au ni mtu. Jaribio zima likaharibika.

Hilo ndo somo langu leo, na halijazeeka. Fimbo inaficha ugonjwa. Ukishampiga mnyama hujui tena kama anatetemeka kwa maumivu ya sikio au kwa kukuogopa wewe.

Kichwa kinachoitikia: tazama miguu

Sasa twende kwenye kazi. Namna ya kwanza ni mnyama anayeinua na kushusha kichwa kama mtu anayeitikia "ndiyo, ndiyo".

Anza na hili: punda au farasi akitembea taratibu, kichwa kupanda na kushuka kidogo ni kawaida. Kinamsaidia kusawazisha mwili. Usikimbilie kusema anaumwa. Lakini akienda mchakamchaka, kichwa chenye afya kinatulia. Kwa hiyo kipimo ni mchakamchaka.

Tafuta sehemu tambarare na ngumu, siyo mchanga wa ufukweni. Mshushe mzigo wote. Mtu mmoja amwongoze kwa kamba iliyolegea, wewe simama pembeni. Hatua ishirini kwenda, hatua ishirini kurudi. Kama anaumwa mguu wa mbele, kichwa kitapanda pale mguu unaouma unapogusa chini, kwa sababu anajaribu kuuondolea uzito. Kitashuka pale mguu mzima unapokanyaga. Shika hivi: kinapopanda ndo panauma, kinaposhuka ndo pazima. Watu wengi hukosea hapa, wanashika mguu ambao kichwa kinaelekea chini, wanaosha na kupaka dawa mguu mzima huku mbovu unaendelea kuoza.

Kama ni mguu wa nyuma, kichwa hakikuelezi vizuri. Simama nyuma yake kwa umbali wa kutopigwa teke, tazama nyonga. Upande unaouma nyonga hupanda na kushuka zaidi kuliko mwenzake.

Ukishaujua mguu, unyanyue. Safisha kwato kwa kitu kisicho na ncha kali. Kwa barabara zetu hizi za mawe ya kushuka toka milimani kuja ziwani, mara nyingi utakuta kokoto imejibana au kwato limepasuka. Na wakati wa masika, ukikuta kwato lina joto kuliko mengine na mnyama anaruka ukilibonyeza, huenda usaha umejikusanya ndani. Kokoto unaitoa mwenyewe. Usaha ni kazi ya mtaalamu wa mifugo, usichimbe na kisu cha jikoni.

Wenye maksai, hii inawahusu pia. Ng'ombe anayechechemea naye huitikia kwa kichwa kila hatua, na mgongo wake hupinda juu kama upinde. Ukimwona hivyo asubuhi, usimfunge nira siku hiyo.

Kichwa kinachokataa: masikio, pua na nzi

Namna ya pili ni kutikisa kushoto na kulia, kama mtu anayesema "hapana, sitaki".

Cha kwanza tazama nzi. Kama wanyama wote wa zizi wanatikisa, na kukiwa na upepo au kivuli wanatulia, hapo mgonjwa ni zizi lenyewe. Toa kinyesi, hamisha rundo la mbolea mbali na wanapolala, waweke kivulini saa za jua kali. Unaweza kumfungia punda utepe kwenye paji la uso wenye nyuzi za katani zinazoning'inia hadi machoni. Akitikisa kidogo tu, nyuzi zinafukuza nzi. Haugharimu kitu, kamba ya katani kila mtu anayo.

Cha pili, masikio. Kama anatikisa mmoja tu, analaza sikio moja, anainamisha kichwa upande mmoja au anasugua kichwa kwenye nguzo, chungulia ndani ya sikio kwenye mwanga wa kutosha. Kupe wa masikio wanapenda sana pale. Kwa ng'ombe ni hatari mara mbili, maana kupe huyo wa kahawia wa masikio ndiye anayeleta ndigana kali. Kwa ng'ombe pia kuna minyoo midogo inayokaa ndani ya sikio. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wameshaandika juu yake hapa Tanzania. Ng'ombe mwenye minyoo hiyo anatikisa kichwa, sikio linatoa uchafu unaonuka, na akichelewa kutibiwa madhara yanaweza kufika hadi kwenye ubongo.

Sasa hapa naomba msome taratibu, kwa sababu hapa ndo pesa na wanyama vinapopotea. Usimwage mafuta ya taa sikioni. Usimwage oili chafu. Na usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukamwogeshea punda kabla ya kusoma lebo. Dawa nyingi za kupe zina kiambato kinaitwa amitrazi. Ng'ombe anaogeshwa nayo hana shida. Punda na farasi inaweza kuwasimamishia utumbo, tumbo likajaa, wakafa kwa maumivu. Ukiingia duka la pembejeo taja mnyama kwa jina: "Nataka dawa ya kupe ya punda." Muuzaji akikujibu "hii hii tu, zote sawa", toka nenda kwingine au niulize mimi kwanza.

Cha tatu, pua. Akipiga chafya huku anatikisa, tazama kama kuna usaha, damu au harufu mbaya, na kama unatoka pua moja au zote. Uchafu wenye harufu mbaya kutoka pua moja mara nyingi unatokana na jino bovu la juu, siyo mafua. Hapo chupa ya antibaiotiki ya dukani itatuliza siku nne, kisha hali inarudi palepale.

Kichwa kinachorushwa juu: mdomo na kamba

Namna ya tatu ni kurusha kichwa juu kwa ghafla, hasa ukivuta kamba au ukimfungia mzigo. Huyu ndiye anayeitwa mkaidi kuliko wote, na kwa maoni yangu ndiye anayeonewa kuliko wote.

Meno ya punda na farasi yanaendelea kuchomoza maisha yote, huku yakisagika kwa kutafuna. Yasiposagika sawasawa yanaacha ncha kali. Ya juu yanachoma shavu, ya chini yanachoma ulimi. Fikiria wewe mwenyewe una kidonda shavuni, halafu mtu anakuvuta kamba iliyobana hapohapo. Dalili zake unaziona bila kufungua mdomo: anadondosha mabonge ya majani yaliyotafunwa nusu, anatafuna kichwa kikiwa upande, kinyesi kina punje nzima za mahindi, anakonda wakati chakula kipo. Dawa yake ni kusuguliwa meno kwa tupa maalumu na mtaalamu. Ni kazi ya muda mfupi, siyo upasuaji.

Halafu kamba. Kamba ya nailoni nyembamba ikibana nyuma ya masikio au juu ya pua inakata kama wembe, na waya ni mbaya zaidi. Tumia mkanda mpana, shonea kitambaa cha pamba au kipande cha blanketi panapogusa mfupa. Kila jioni pitisha kidole chini ya kamba yote. Ukikuta unyevu, joto au manyoya yametoka, kesho kamba hiyo isirudi hapo.

Na jambo ambalo huwa nalirudia mpaka watu wanachoka: nira ya ng'ombe si ya punda. Ng'ombe anasukuma nira kwa nundu na shingo. Punda hana nundu, nguvu yake iko kifuani. Punda anavuta kwa mkanda mpana wa kifuani, na mkokoteni unabebwa na tandiko mgongoni. Ukimwekea nira ya ng'ombe, mti unagonga mifupa ya shingo kila hatua, naye anarusha kichwa kila hatua. Hapo nani mkaidi?

Hapa usiguse, piga simu

Kuna kutikisa kichwa ambako hutakiwi kuanza kuchunguza kwa mkono. Mnyama akibadilika tabia ghafla, akiuma vitu au kujiuma mwenyewe, mate yakimtoka, sauti ikibadilika, akishindwa kumeza, fikiria kichaa cha mbwa. Punda na ng'ombe wanakipata. Usiingize mkono mdomoni kutafuta kama amekwamwa na kitu. Wafungie watoto mbali, toa taarifa kwa afisa mifugo. Ukiwa umeng'atwa au mate yamegusa kidonda, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Akiwa amekakamaa, masikio yamesimama wima, mkia umeinuka, ngozi ya ndani ya jicho inakuja kufunika jicho ukimshtua, hiyo ni pepopunda. Tazameni jina lenyewe: pepo, punda. Hakuna pepo pale. Kuna bakteria wa kwenye udongo na kinyesi walioingia kwenye kidonda, mara nyingi kidonda cha kwato au cha kamba ambacho hakuna aliyekiangalia. Punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoshambuliwa kirahisi zaidi na ugonjwa huu. Kwa hiyo ndugu yangu unayesema punda wako amerogwa, mimi sikucheki. Lakini kabla hujatafuta mchawi, tafuta kidonda.

La tatu linatuhusu sisi wa Ruvuma moja kwa moja, kwa sababu mahindi tunayo. Mahindi yakiota ukungu, watu wanasema "hayo mpeni punda". Hapana. Ukungu wa mahindi unaweza kutengeneza sumu inayoitwa fumonisini, ambayo kwa punda na farasi inaharibu ubongo. Anayumba, anazunguka, anasukumiza kichwa ukutani, haoni, na ndani ya siku chache anakufa. Dawa hakuna. Ng'ombe ana uvumilivu kidogo, punda hana. Wafuga nguruwe wa Mbinga, ninyi pia msione mmepona, sumu hiyohiyo inaharibu mapafu ya nguruwe.

Si kila kutikisa ni ugonjwa

Sitaki muanze kuogopa kila kichwa kinachosogea. Punda akikuona unakuja na ndoo ya pumba anaweza kuitikia kichwa kwa hamu tu. Akisinzia kivulini kichwa kinashuka na kupanda. Na farasi au punda anayefungwa sehemu moja kutwa, peke yake, bila majani ya kutafuna, anaweza kuanza kutikisa kichwa bila kukoma kwa sababu ya upweke. Punda ni mnyama wa wawili wawili. Ukiweza, nunua wawili. Huyo mmoja akishinda anamtafuta mwenzake, kazi yake inapungua.

Na kwa yule aliyeuliza juu ya farasi wa kwenye video: huenda amefundishwa, huenda lijamu inambana mdomoni. Upo pia ugonjwa wa mshipa mkubwa wa fahamu wa uso, ambapo mshipa unashtuka bila sababu kama mtu aliyepigwa shoti ya umeme puani. Baadhi ya farasi wenye tatizo hilo wanazidiwa jua likiwa kali, na wengine wanasaidiwa kwa kuvishwa wavu mwepesi puani au kufunikwa macho. Lakini huo ugonjwa daktari anautaja mwisho, baada ya kumaliza masikio, meno, macho, pua na hatamu. Ukimwona mtu anaanza nao, anaruka ngazi.

"Lakini afisa, muda ni pesa"

Najua mnachotaka kuniambia. Wateja wanasubiri, mpunga uko shambani, mvua inakuja, wewe afisa unatuambia tusimame tutazame kichwa. Wazee walishasema punda afe mzigo ufike.

Nauheshimu msemo, ila mimi naukataa kwenye biashara. Tazama mantiki yake: mzigo wa leo ukifika na punda akafa, wa kesho unabebwa na nani? Huyo aliyesema hivyo alikuwa na mzigo mmoja. Wewe una msimu mzima.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme punda anakuingizia shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kokoto kwenye kwato ukiitoa leo na kumpumzisha siku tatu, umepoteza 30,000. Ukimchapa aendelee, kokoto inazaa usaha, analala wiki tatu, umepoteza 180,000 kabla ya dawa. Na kama kidonda kikaleta pepopunda, umepoteza mtaji.

Mtaji huo haurudi haraka. Punda jike anabeba mimba mwaka mzima hivi, anazaa mtoto mmoja, na huyo mtoto unamsubiri miaka mitatu mpaka minne ndo umpe kazi ya maana. Wakati huohuo ngozi za punda zimekuwa zikitafutwa kwenda China kutengenezea dawa ya asili iitwayo ejiao, mpaka Umoja wa Afrika ukaamua Februari 2024 kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Yaani mnyama unayemchapa njiani, wakuu wa nchi wamekaa kikao juu yake.

Kuna kundi jingine linalosema: "Sawa, lakini punda bila fimbo haendi." Huwa nawajibu kwa swali. Bodaboda yako ikianza kugonga kwenye injini, unafanya nini? Unashuka, unasikiliza, unamwita fundi. Hakuna hata mmoja wenu anayeipiga tenki kwa rungu ili iache kugonga. Sasa punda naye anakugongea kwa kichwa, mbona yeye unamchapa? Kama punda aliyekuwa anakwenda vizuri mwezi uliopita leo haendi bila fimbo, fimbo haijawa jibu, kuna kitu kimebadilika. Kitafute.

Na tusisahau sheria. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inakataza kumtesa mnyama, pamoja na kumpiga na kumbebesha kupita uwezo wake. Kwa mzigo wa mgongoni, usivuke theluthi moja ya uzito wa punda, na kwenye kupanda punguza zaidi. Punda wetu wengi ni wadogo. Mwenye kilo 150 mwisho wake ni kilo 50. Gunia la kilo 100, tena lumbesa, siyo mzigo wa punda mmoja. Mnajua wenyewe jinsi mnavyoichukia lumbesa dalali akiwapigia kwenye mahindi. Basi msimpigie punda.

Dakika kumi za asubuhi

Ninachowaomba ni kidogo. Kila asubuhi kabla ya kamba na mzigo, mpe mnyama dakika kumi. Mtazame akila. Pitisha mkono masikioni, nyuma ya masikio, juu ya pua. Nyanyua kwato nne. Mkimbize hatua ishirini bila mzigo, tazama kichwa. Kikiwa kimetulia, nenda kazini. Kikitikisika, jiulize maswali matatu: kinaitikia, kinakataa, au kinarushwa juu? Jibu litakuelekeza miguuni, masikioni au mdomoni.

Ukienda kununua, fanya hivyohivyo. Usikubali kuuziwa punda aliyefungwa kwenye mti. Mwambie muuzaji amfungue, amkimbize mbele yako sehemu ngumu, kisha ampe majani ale. Muuzaji akikataa, mfukoni hela yako inatosha kubaki. Vikundi vinavyoomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri kwa ajili ya wanyama kazi, nawashauri muweke kwenye bajeti siku ya mtaalamu kukagua meno na kwato angalau mara moja kwa mwaka. Mnaweka hela ya tairi za mkokoteni, wekeni na ya miguu inayouvuta.

Wahenga walisema pia mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo ulio mgongoni mwa mwingine unauona mwepesi kama pamba. Punda hawezi kukwambia kwamba wa kwake si usufi. Kichwa ndo mdomo wake, na kesho asubuhi kitasema tena. Simama umsikilize.